Albamu saba za Chuck, sauti saba

Sisi wa huku Florida tupo, tunapambana na joto kama la Tanga na mvua za jioni zinazoingia bila hodi. Wengi mmeuliza mbona nimekuwa kimya hapa kibarazani. Kazi, jamani. Zamu za usiku za kufua mashuka ya hoteli hazimwachii mtu nguvu za kuandika.

Leo nina mapumziko, na nina deni la kulipa. Juzi mama mdogo alinipigia simu nikiwa napika, muziki umefunguliwa kwa nguvu, akasema, "Mwanangu, huyo mbwa mliyemfungia ndani kawakosea nini?" Hakukuwa na mbwa. Alikuwa Chuck Schuldiner, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi iliyoitwa Death, kijana aliyekulia Altamonte Springs, kitongoji cha kaskazini ya hapa Orlando. Mama mdogo akaguna. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kulijibu kabla mtandao haujakatika: "Sasa mtu mwenye koo lake zima anaimba hivyo kwa nini?"

Mama mdogo, shikamoo, na jibu ndilo hili. Kwanza, hakuimba hivyo siku zote. Kati ya 1987 na 1998 Death walitoa albamu saba, na hakuna mbili ambazo sauti yake ni ile ile. Ukizisikiliza kwa kufuatana unamsikia kijana anayeanza kwa kuyafunika maneno yake, halafu anayafunua kidogo kidogo, mpaka mwishoni anataka kuiacha kabisa ile ngurumo. Na hapo hapo ndipo maradhi yalipomkuta.

Aliyenifundisha haya ni mfanyakazi mwenzangu, Mpuertoriko mmoja mtu mzima, rika la baba mdogo. Aliniletea zote saba kwenye mfuko wa plastiki, akanionya nisirukeruke, nianze ya kwanza niende mpaka ya mwisho. Nilimtii. Ilinichukua mwezi mzima, maana ya kwanza nilishindwa kuimaliza mara mbili.

Chuck alizaliwa New York tarehe 13 Mei 1967, na mwaka uliofuata familia ikahamia Florida. Alipokuwa na miaka tisa, kaka yake Frank, wa miaka 16, alikufa kwa ajali ya gari. Wazazi wakamnunulia mtoto gitaa ili apate cha kumliwaza. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu watu wengi wanapomsikia wanadhani ni mtoto wa mashetani. Ni mtoto wa msiba.

Akiwa bado shuleni alianzisha bendi na wenzake wawili, wakaiita Mantas, baadaye ikawa Death. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba aliyekuwa akinguruma hasa hakuwa yeye. Kwenye kanda zao za majaribio za 1984, zile zilizokuwa zikitumwa kwa posta kutoka kijana hadi kijana, sehemu kubwa ya sauti nzito ni ya Kam Lee, mpiga dramsi. Mwaka 1985 Kam Lee akaondoka, na Chuck akabaki na maikrofoni mkononi. Yaani ngurumo aliirithi kama mdogo anavyorithi shati la kaka: halikukatwa kwa kipimo chake. Mwaka huo huo bendi ya California iitwayo Possessed ilitoa albamu ya Seven Churches, ambamo mwimbaji wao Jeff Becerra alikuwa akikwaruza na kufoka kwa namna iliyowashtua vijana wengi, na ukisikiliza Death wa mwanzo unasikia kabisa kwamba Chuck aliisikia.

Sasa, koo linafanyaje? Tunapoongea au kuimba kawaida, hewa kutoka mapafuni inazitikisa nyuzi za sauti, na nyuzi zikitikisika kwa mpangilio tunasikia sauti safi. Juu kidogo ya nyuzi hizo kuna mikunjo mingine minene, ambayo kwa kawaida haitumiki kuongea. Anayenguruma anaibana ile mikunjo ya juu nayo itikisike, ndiyo maana inatoka sauti yenye mchanga ndani yake, kama injini ya lori inayokataa kuwaka. Aliyejifunza vizuri hapigi kelele kubwa kama tunavyodhani. Anatumia pumzi ya tumboni, na maikrofoni inafanya kazi iliyobaki. Asiyejifunza anaumia, anakohoa, wiki nzima hasemi. Vijana wa miaka ya themanini hawakuwa na mwalimu. Kila mmoja alijaribu kwenye gereji ya baba yake mpaka akapata kitu.

Na msiseme ni wazimu wa Wazungu peke yao. Bi Kidude alikuwa na sauti ya kukwaruza, na nani aliyethubutu kumwambia aisafishe? Nairobi nako walitoka Duma, vijana wawili waliopiga yowe kuliko huyu wangu, na albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina lenyewe ni la Kikikuyu, maana yake giza, si yule mnyama mwenye mbio.

Turudi kwa Chuck. Albamu ya kwanza, Scream Bloody Gore, ilitoka 1987. Ilirekodiwa Los Angeles, na waliopiga ni wawili tu: Chris Reifert kwenye dramsi, na Chuck aliyefanya mengine yote, gitaa, besi na kuimba. Alikuwa kijana wa miaka kama 20. Sauti ni ya majimaji, imejaa mwangwi, inapanda na kushuka bila breki. Maneno ni ya sinema za kutisha, wafu wanaofufuka na damu inayotiririka, mambo ya vijana waliokesha kwenye video. Kusema kweli haijalishi kama husikii anachosema, kwa sababu hasemi kitu. Sauti yenyewe ndiyo sinema.

Mwaka uliofuata, 1988, ikaja Leprosy. Hii ilirekodiwa Tampa, saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka hapa, kwenye studio ya Morrisound, ambako baadaye bendi nyingi za aina hiyo zilipanga foleni. Sauti imepanuka, imekaa chini zaidi, na mwangwi bado upo, kama mtu anayefokea ndani ya tangi tupu la maji. Kuna wimbo mle, Pull the Plug, wa mgonjwa aliyefungwa kwenye mashine za hospitali anayetaka aachwe aende. Kijana wa miaka kama 20 alikuwa anaandika kuhusu kitanda cha hospitali. Siwezi kuusikiliza wimbo ule kwa amani, na mtaona kwa nini.

Ya tatu, Spiritual Healing ya 1990, ndiyo nzito kuliko zote. Hapa koo limeshuka mpaka chini kabisa. Na hapa, kwa maoni yangu, ndipo ugomvi ulipoanza, kwa sababu maneno nayo yamebadilika. Wafu wa sinema wameondoka. Sasa kuna mtoto aliyezaliwa na athari za dawa za kulevya alizotumia mama yake. Kuna watu wanaoua au kuhadaa kwa jina la imani. Kuna suala la kutoa mimba. Mtu ana jambo la kusema, lakini amevaa sauti inayoyameza maneno. Mara ya kwanza nilisikiliza albamu nzima nisijue inazungumzia nini mpaka niliposoma kijitabu cha ndani. Ni kama kusikiliza hotuba nzuri kupitia ukuta.

Mwisho wa mwaka huo yakatokea mambo. Bendi ilikuwa na ziara ya Ulaya, na Chuck dakika za mwisho akakataa kwenda, akiona maandalizi si mazuri. Wenzake wawili wakaenda bila yeye, wakatafuta watu wa kuimba na kupiga gitaa mahali pake, wakapanda jukwaani kwa jina la Death. Hebu fikirieni: umelipa kiingilio, umesubiri, kisha inatoka ngurumo ya mtu mwingine. Aliporudiwa na habari hizo hakuwa tena na hamu ya bendi ya kudumu. Tangu hapo kila albamu ikawa na watu wengine, Death ikawa ni Chuck na yeyote aliyemwita.

Aliowaita safari iliyofuata walikuwa hodari. Human ya 1991 ina Sean Reinert kwenye dramsi na Paul Masvidal kwenye gitaa, vijana wa bendi ya Cynic ya Miami waliopenda jazi, na Steve DiGiorgio kwenye besi. Muziki ukawa mgumu ghafla, kona nyingi, kama daladala inayokwepa mashimo kwa mwendo kasi lakini haigongi. Sauti bado iko chini, ila imekaushwa. Mwangwi umetolewa. Anakata maneno mafupi mafupi, na kila neno lina mwisho. Wimbo wa Lack of Comprehension ulifanyiwa video na kuonyeshwa MTV. Unahusu watu wanaoulaumu muziki kwa kila ubaya unaotokea majumbani. Kwa mara ya kwanza mtu aliyetulia anaweza kuokota sentensi nzima.

Mnapaswa kujua wengine walikuwa wanafanya nini wakati huo, ndipo mtaona ukaidi wake. Tampa ilikuwa imejaa bendi za metali ya kifo, na fasheni ilikuwa ni kushuka. Cannibal Corpse, waliotoka Buffalo kule kaskazini, walirekodi Morrisound albamu ya Tomb of the Mutilated iliyotoka 1992, na mwimbaji wao Chris Barnes alikuwa ameshuka mpaka maneno yakayeyuka, ikabaki kama maji yanayoingia kwenye bomba la kuzama. Wapenzi walishangilia. Aliyeshuka zaidi ndiye aliyeonekana mwanamume. Chuck, ambaye wengi walikuwa tayari wanamwita baba wa muziki huo, jina ambalo yeye mwenyewe hakulipenda, akageuka akaanza kupanda ngazi peke yake.

Individual Thought Patterns ya 1993 ndiyo ngazi ya kwanza. Ngurumo ya kifuani imepungua, sasa sauti inatoka juu ya koo, inakwaruza kama msumeno kwenye bati. Gene Hoglan anapiga dramsi, Andy LaRocque aliyetoka Sweden anapiga gitaa. Sina mengi ya kusema hapa, naona ni albamu ya mpito ingawa rafiki yangu Mpuertoriko atanuna akisikia.

Symbolic ya 1995, ndugu zangu, hii ndiyo ninayoipenda. Ilitengenezwa na Jim Morris wa Morrisound, na kila kitu kina nafasi yake. Sauti imepanda tena, lakini haijapasuka. Anavuta irabu, anaziacha zining'inie, halafu anaziuma mwishoni. Mimi wa Kiingereza cha shule ya serikali ninaweza kuandika maneno yake kwa kusikiliza tu. Na anazungumzia nini? Wimbo wenye jina la albamu unahusu utoto, ile hali ya kutojua ubaya, na hamu ya mtu mzima kuirudia kwa kumbukumbu. Mwingine, 1,000 Eyes, unahusu macho yanayokuchunguza kila uendapo. Mwaka 1995 ilionekana kama hadithi za kubuni, leo kamera ziko mpaka kwenye chumba chetu cha kufulia. Ukiwa mbali na kwenu, mtu akikuimbia habari za utoto kwa sauti iliyochanika, inakuingia kuliko ingeimbwa kwa sauti ya asali. Mimi ilinishika saa tisa usiku, mikono ndani ya mashuka ya moto, nikakumbuka uwanja wa nyuma ya nyumba ya babu.

Kwa nini alipanda? Sababu moja ni ya fundi. Ngurumo nzito inakaa pale pale lilipo besi na zile nyuzi nene za gitaa, zinagombea chumba kimoja. Wakati gitaa linapiga mkong'oto wa aina moja, si neno, lakini Chuck wa 1993 na 1995 alikuwa anapiga gitaa lenye nyimbo ndani ya nyimbo, na angeendelea kunguruma chini angelifunika gitaa lake mwenyewe. Sauti ya juu inapita juu ya vyote na konsonanti zinasikika. Sababu nyingine ni ya moyo wake: tangu utotoni alipenda waimbaji wenye koo la kupaa, Judas Priest, Iron Maiden, King Diamond. Shati la kurithi lilikuwa linambana tangu zamani.

Baada ya Symbolic akaivunja Death na kuanza bendi nyingine, Control Denied, ambamo alitaka kupiga gitaa tu na kumwachia mwingine kuimba kwa sauti safi. Lakini kabla haijatoa albamu, alitoa moja zaidi ya Death, The Sound of Perseverance, mwaka 1998, na baadhi ya nyimbo zake zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya bendi ile mpya. Hapa ngurumo haipo tena. Ni yowe. Anapiga yowe jembamba, la kukaza shingo, na kwangu mimi kuna mahali linachosha, baada ya nyimbo nne natamani ashuke akanywe maji. Mwishoni mwa albamu anaimba Painkiller ya Judas Priest, wimbo ambao mwenyewe aliyeuimba, Rob Halford, anajulikana kwa kupaa, na Chuck anamfuata huko huko juu. Mtu aliyeanza chini kabisa ya kisima amefika kwenye paa.

Katikati ya albamu hiyo ameweka wimbo unaoitwa Voice of the Soul, yaani sauti ya nafsi. Ni magitaa matupu. Hakuna anayeimba.

Albamu ya Control Denied, The Fragile Art of Existence, ilitoka 1999, na mwimbaji ni Tim Aymar, koo la kweli la kupaa. Chuck hakutia sauti yake. Ndoto ilitimia mwaka ambao mwili ulianza kumsaliti: alikuwa na maumivu ya shingo, akadhani ni mshipa, na siku ya kuzaliwa kwake, 13 Mei 1999, alipotimiza miaka 32, akaambiwa ana uvimbe kwenye shina la ubongo. Januari 2000 alifanyiwa upasuaji New York. Gharama zilifika kama dola 70,000, na familia haikuwa nazo.

Hapa nawaomba mnielewe, ninyi mnaodhani kila aliyeko Marekani anatibiwa kwa kupungia mkono. Ukiugua sana huku na huna bima nzuri, unaugua mara mbili, ya pili ni barua za madeni. Mtu ambaye muziki wake ulikuwa unasikilizwa kuanzia Tampa hadi Tokyo ilibidi achangiwe. Na alichangiwa, kama tunavyochangiana sisi kwa msiba au harusi. Bendi zilipiga matamasha ya kumsaidia, mashabiki wakatuma vijisenti, na kiangazi cha 2001 wanamuziki wakubwa wa aina nyingine kabisa, akina Korn na Red Hot Chili Peppers, wakatoa vitu vyao vipigwe mnada. Ugonjwa ulikuwa umerudi mwezi Mei mwaka ule. Dawa zikamdhoofisha, akapata nimonia, na tarehe 13 Desemba 2001 akafariki. Alikuwa na miaka 34.

Albamu ya pili ya Control Denied, aliyokuwa akiirekodi huku anaumwa, haikukamilika. Tim Aymar naye alifariki mwaka 2023.

Tangu 2012 waliowahi kupiga naye wamekuwa wakizunguka kwa jina la Death to All, wakizipiga nyimbo zake, na aliyebeba maikrofoni kwa miaka mingi ni kijana aitwaye Max Phelps. Kazi yake ndiyo inayonifurahisha nikiitazama kwenye video. Wimbo wa 1988 lazima ashuke, anguruke ndani ya tangi. Unaofuata ni wa 1995, apande. Halafu wa 1991, akauke. Alichokipita Chuck kwa miaka kumi na moja, yeye anakipita kwa saa moja na nusu, jasho linamtiririka, na watu wa umri wangu mbele wanaimba naye kila neno, maana sasa yanasikika.

Basi mama mdogo, ukitaka kujaribu, anza na Symbolic, na usianze usiku. Binamu zangu ninyi jaribuni Human. Mimi kesho narudi kwenye mashuka. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaandikia habari za leseni ya udereva, maana mlioniuliza ni wengi.